Barafu Iliyoanza Kuyeyuka: Hesabu Ndogo Inayolinda Chanjo

Kuna saa ya alfajiri ambayo kila muuguzi aliyewahi kufanya kazi katika zahanati ya kijijini anaifahamu. Bodaboda imekwisha kuwasili na inanguruma nje. Kitongoji kinachongojea huduma ya mkoba kiko mbali, na kina mama wameambiwa wafike na watoto wao saa tatu. Muuguzi anafungua friza na kutoa pakiti nne za barafu, ngumu kama jiwe, zimevaa utando mweupe wa theluji. Mwongozo uliobandikwa ukutani unamtaka azilaze mezani mpaka zianze kuyeyuka, ndipo azipange ndani ya kibebeo cha chanjo. Lakini jua linapanda, dereva anapiga honi, na moyoni mwa muuguzi inasikika sauti ndogo: barafu ikianza kuyeyuka hapa, itafika huko ikiwa imebaki nini? Si afadhali niibebe ingali ngumu, ili ubaridi udumu hadi jioni?

Sauti hiyo haitokani na uzembe. Inatokana na huruma ya mtu asiyetaka chanjo ziharibikiwe na joto njiani. Hata hivyo inakosea, na kosa lake linaweza kumnyima mtoto kinga bila mtu yeyote kujua. Kichupa kitaonekana kizima, sindano itachomwa, kadi itaandikwa tarehe, na mama atarudi nyumbani na utulivu moyoni. Ila dawa iliyoingia mwilini mwa mtoto imekwisha kupoteza nguvu yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa hesabu ambayo mhitimu yeyote wa sekondari anaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi, kwa nini kungojea barafu ianze kuyeyuka hakupotezi ubaridi unaostahili kuombolezwa, na kwa nini kutongojea kunaharibu. Mgonjwa wa kisukari anayetunza insulini nyumbani naye atanufaika na hesabu hiyohiyo, kama tutakavyoona mwishoni.

Joto na jotoridi

Kabla ya kuhesabu, hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Jotoridi ni kile kinachosomwa na kipimajoto. Joto lenyewe ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi vinapogusana. Kikombe cha chai inayofuka kina jotoridi kubwa kuliko ndoo ya maji ya vuguvugu. Lakini ukitaka kuyapoza yote mawili hadi kufikia ubaridi wa maji ya mtungini, ndoo ndiyo itakayokusumbua zaidi, kwa kuwa imebeba joto jingi.

Kanuni ya kwanza, basi, ni hii: kiasi cha joto kinachohama ni uzito wa kitu, mara joto mahsusi la kitu hicho, mara badiliko la jotoridi. Kwa maji, joto mahsusi ni takriban kilojuli 4.2 kwa kila kilo na kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa barafu ni kama nusu ya hapo, yaani kilojuli 2.1. Maana yake ni kwamba kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2, na kuishusha kwa nyuzi moja kunatoa kiasi hichohicho.

Kanuni ya pili ni kwamba joto halipotei njiani. Vitu viwili vinapochanganywa ndani ya chombo kinachohami vizuri, joto linalotoka katika kimoja ndilo linaloingia katika kingine. Hesabu zote zinazofuata zinasimama juu ya usawa huo.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyowashangaza wataalamu wa zamani, na ndiyo roho ya makala haya. Barafu ikifika nyuzi 0 haiyeyuki papo hapo. Hunywa joto jingi huku kipimajoto kikibaki palepale, kwenye nyuzi 0, mpaka kipande cha mwisho kiwe maji. Kila kilo moja ya barafu hunywa kilojuli 334 kwa kuyeyuka tu. Joto hilo huitwa joto fiche, kwa sababu linaingia na kipimajoto hakilioni.

Yafaa tukumbuke kwamba aliyeligundua jambo hili alikuwa mtu wa tiba. Joseph Black, daktari na mkemia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti, alilifanyia majaribio mwanzoni mwa miaka ya 1760. Alitwaa vyombo viwili vya kioo vinavyofanana, kimoja kikiwa na barafu na kingine kikiwa na maji yaliyopozwa karibu na kuganda, akavitundika katika ukumbi mmoja mkubwa usio na upepo. Maji yalipanda jotoridi kwa nusu saa tu. Chombo cha barafu kilihitaji muda wa saa 10 na nusu kufikia kiwango hichohicho. Hewa ilikuwa moja, joto liliingia kwa mwendo unaolingana. Basi joto la saa hizo zote lilikwenda wapi? Black alijibu kwamba lilitumika kuyeyusha. Kiasi alichokikokotoa hakiko mbali na kile tunachokitumia leo.

Ili kupata picha ya ukubwa wa kilojuli 334, zigawe kwa 4.2. Jibu ni karibu 80. Yaani joto linalotosha kuyeyusha kilo moja ya barafu bila kupandisha kipimajoto hata kidogo lingetosha kuyapasha maji hayohayo kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80, moto wa kuunguza mkono.

Mifano mitatu ya kuchanganya

Tuanze na jagi la maji. Tuna kilo moja ya maji, sawa na lita moja, yakiwa na nyuzi 30, kama yalivyo maji ya bomba mchana wa kiangazi. Tunatia gramu 200 za barafu iliyo kwenye nyuzi 0. Jotoridi la mwisho litakuwa ngapi?

Kwanza tujiulize: maji hayo yakishuka hadi nyuzi 0 yatatoa joto kiasi gani?

1 × 4.2 × 30 = kilojuli 126.

Pili: barafu yote inahitaji kiasi gani ili iyeyuke?

0.2 × 334 = kilojuli 66.8.

Joto lililopo linazidi lile linalohitajika, kwa hiyo barafu yote itayeyuka na kutabaki kilojuli 59.2. Sasa tuna kilo 1.2 za maji. Gawa 59.2 kwa 1.2 × 4.2, upate takriban 11.7. Maji yametulia kwenye nyuzi 11.7.

Mfano wa pili: badala ya barafu, tutie gramu 200 za maji baridi yaliyo kwenye nyuzi 0 vilevile. Kipimajoto kingesema maji haya na ile barafu vina ubaridi mmoja. Lakini hesabu yake ni 126 kugawanywa kwa 1.2 × 4.2, nayo inatoa nyuzi 25. Uzito ni uleule na jotoridi la kuanzia ni lilelile. Barafu imetushusha kutoka 30 hadi chini ya 12, ilhali maji yametushusha hadi 25 tu. Tofauti yote hiyo ni kazi ya kuyeyuka. Nguvu ya barafu, basi, kwa sehemu kubwa imo katika kuyeyuka kwake kuliko katika ukali wa ubaridi wake.

Mfano wa tatu una mtego. Tutie gramu 500 za barafu ya nyuzi 0 katika lita ileile ya maji ya nyuzi 30. Mwanafunzi mwenye haraka atatoa 167, ambazo ni kilojuli za kuyeyusha barafu yote, kutoka katika 126, apate hasi 41, agawanye kwa 1.5 × 4.2, kisha aandike kwamba jotoridi la mwisho ni nyuzi 6.5 chini ya sifuri. Jibu hilo haliwezekani. Maji ya nyuzi 30 na barafu ya nyuzi 0 haviwezi kuzaa kitu kilicho baridi kuliko vyote viwili. Kilichotokea ni kwamba joto limekwisha kabla barafu haijaisha. Kilojuli 126 zinatosha kuyeyusha 126 ÷ 334, yaani gramu 377 tu. Gramu 123 zinabaki barafu, zikielea katika maji ya nyuzi 0 kamili.

Hivyo basi, kila unapochanganya barafu na maji, swali la kwanza liwe hili: je, joto lililopo linatosha kuyeyusha barafu yote? Likitosha, endelea na hesabu. Lisipotosha, jibu ni sifuri, na mchanganyiko utakaa hapo mpaka barafu imalizike au joto jingine liingie.

Sifuri hiyo isiyoyumba ina faida yake pale zahanati. Ukijaza bakuli barafu safi iliyopondwa, ukaongeza maji safi kidogo kujaza mianya, ukakoroga na kuacha kwa dakika chache, utapata nyuzi 0 bila kuhitaji mtambo wowote. Kipimajoto cha jokofu kikizamishwa humo kinapaswa kusoma sifuri au karibu nayo sana. Kikisoma 3 au hasi 3, toa taarifa kibadilishwe, maana kimekuwa kikikudanganya kila siku.

Pakiti ya barafu ndani ya kibebeo

Sasa turudi kwa muuguzi wetu na honi ya bodaboda. Tuchukulie kila pakiti ina gramu 400 za maji yaliyoganda, na friza iko kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Pakiti inapotoka ikiwa hivyo, uwezo wake wa kunywa joto una ngazi mbili.

Ngazi ya kwanza ni kupanda kutoka hasi 20 hadi 0 ikiwa bado barafu:

0.4 × 2.1 × 20 = kilojuli 16.8.

Ngazi ya pili ni kuyeyuka kwenye nyuzi 0:

0.4 × 334 = kilojuli 133.6.

Jumla ni kilojuli 150.4. Tazama mgawanyo wake. Ule ukali wote wa friza, ile hasi 20 inayonatisha vidole, ni asilimia 11 tu ya uwezo wa pakiti. Asilimia 89 imo katika kuyeyuka. Muuguzi anapoacha pakiti mezani mpaka ifike nyuzi 0, anachotoa ni ile asilimia 11. Hata tukisema sehemu moja ya kumi ya barafu nayo iyeyuke hapo mezani, pakiti inabaki na kilojuli 120, yaani asilimia 80 ya uwezo wake wa awali.

Je, inatosha kwa safari? Tuseme, kwa ajili ya mfano, joto linapenya kuta za kibebeo kwa kiasi cha kilojuli 18 kila saa. Pakiti nne zilizoanza kuyeyuka zina kilojuli 480, na zingedumu zaidi ya saa 26. Pakiti nne za moja kwa moja kutoka friza zingedumu kama saa 33. Muda halisi hutegemea aina ya kibebeo, joto la nje na mara ngapi kifuniko kinafunguliwa, na mtengenezaji huutaja katika maelezo yake. Lakini kwa huduma ya mkoba inayoanza asubuhi na kumalizika jioni, hizo saa saba zinazoonekana kupotea hazikuwa na kazi.

Tuitazame sasa ile asilimia 11 kwa jicho la chanjo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Tuchukue vichupa kumi vya dozi kumi kumi, kila kimoja kikiwa na mililita 5, jumla gramu 50 za kimiminika kilicho kwenye nyuzi 5. Tukikihesabu kama maji, ili kigande chote kinapaswa kutoa:

0.05 × 4.2 × 5 = kilojuli 1.05 kwa kushuka hadi sifuri, na

0.05 × 334 = kilojuli 16.7 kwa kuganda.

Jumla ni kilojuli 17.75. Linganisha na kilojuli 16.8 ambazo pakiti moja tu inazidai kabla haijafika sifuri. Pakiti moja ngumu inakaribia kuweza, peke yake, kugandisha vichupa vyote kumi. Na ndani ya kibebeo zimo nne. Ni kweli kwamba sehemu ya joto hilo itatoka katika hewa na katika kuta, si katika vichupa pekee. Lakini kichupa kinachogusana na pakiti hakina kinga, na hakihitaji kuganda chote ili kiharibike.

Pakiti iliyoanza kuyeyuka haiwezi kufanya uharibifu huo, hata ikigusana na kichupa kutwa nzima. Iko kwenye nyuzi 0, na joto huhama kutoka penye jotoridi kubwa kwenda penye dogo tu. Kichupa kinaweza kuisogelea sifuri, hakiwezi kushushwa chini yake. Nayo chanjo, kwa kuwa ina chumvi na viambato vingine, huganda chini kidogo ya sifuri. Ile ya homa ya ini aina ya B, iliyo miongoni mwa zinazoogopa baridi zaidi, huganda karibu na nusu nyuzi chini ya sifuri. Nafasi ni nyembamba, lakini inatosha. Ndiyo maana tunasema kuwa barafu iliyoanza kuyeyuka imepoteza sehemu ndogo ya uwezo wa kupoza, na imepoteza uwezo wote wa kugandisha.

Sikio kama kipimajoto

Utajuaje kwamba pakiti imefika sifuri? Itikise karibu na sikio. Barafu na maji haviwezi kukaa pamoja kwa utulivu isipokuwa kwenye nyuzi 0. Kwa hiyo ukisikia maji yakicheza na kipande cha barafu kikigonga kuta za pakiti, sifuri imefika. Usiridhike na jasho linaloonekana juu ya plastiki, kwa maana huo ni unyevu wa hewa. Wala usitegemee saa ya ukutani peke yake. Mahali penye baridi kama Njombe pakiti inaweza kuchukua zaidi ya saa moja; mchana wa joto la pwani itachukua muda mfupi zaidi. Zipange pakiti kwa safu moja mezani, zikiachana kidogo ili hewa ipite, na uzigeuze. Mwenye safari ya saa mbili asubuhi azitoe mapema, kabla ya kuanza kuandaa kadi na sindano, ili kungojea kusiwe mzigo. Na asizisahau: pakiti iliyoachwa mpaka ikayeyuka yote imepoteza ile ngazi ya pili, ambayo ndiyo hazina.

Kwa safari fupi, baadhi ya miongozo huruhusu pakiti za maji yaliyopozwa tu kwenye jokofu. Hizi haziwezi kugandisha chochote, lakini tujue uwezo wake. Gramu 400 za maji zikipanda kutoka nyuzi 5 hadi 10 hunywa 0.4 × 4.2 × 5, yaani kilojuli 8.4, ni kama sehemu moja ya kumi na sita ya kile kinachonywewa na barafu ya uzito huo ikiyeyuka. Zitumike pale mwongozo wa nchi unaporuhusu, na kwa muda uliotajwa.

Lipo onyo moja zaidi. Usitie chumvi katika maji ya pakiti, wala usinyunyize chumvi kwenye barafu ya kibebeo kwa nia ya kuongeza ubaridi. Watengenezaji wa aiskrimu wanaijua siri hiyo: mchanganyiko wa barafu na chumvi unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Ukifanya hivyo, ile sifuri inayoilinda chanjo imeondoka, na sauti ya maji ndani ya pakiti haitakuwa tena na maana.

Madhara yasiyoonekana

Kwa nini kuganda ni balaa kubwa hivi? Chanjo kadhaa, zikiwamo pentavalenti inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na homa ya uti wa mgongo ya aina ya Hib, hubeba kiini chake juu ya chembechembe ndogo za chumvi ya alumini. Chembechembe hizo huuamsha mwili upokee fundisho la chanjo. Chanjo ikiganda, chembechembe hukusanyika na kuwa mabonge, na ikiyeyuka hazirudi zilivyokuwa. Ni kama maziwa yaliyokatika, hata uyatikise vipi hayarudi kuwa mabichi. Chanjo ya pepopunda kwa wajawazito, ya nimonia, na ya saratani ya mlango wa kizazi nazo zinaharibiwa na kuganda.

Chanjo nyingine, kama ya surua na ya kifua kikuu zikiwa katika hali ya unga, au matone ya polio, hazidhuriwi na kuganda. Hofu yake ni joto. Lakini vimiminika vya kuchanganyia havipaswi kugandishwa, maana vichupa vyake vinaweza kupasuka. Na kwa kuwa kibebeo kimoja hubeba aina zote, kanuni hufuata ile dhaifu kuliko zote.

Ugumu ni kwamba kile kiduara kinachobadilika rangi kwenye kichupa, alama ya VVM, hutoa habari za joto pekee. Hakisemi lolote kuhusu kuganda. Kichupa kilichoganda usiku na kuyeyuka asubuhi kinaweza kuwa na alama nzuri kabisa. Ndipo kinapohitajika kipimo cha kutikisa, kwa chanjo zile zenye chumvi ya alumini. Chukua kichupa kimoja cha aina hiyohiyo, mtengenezaji huyohuyo na bechi hiyohiyo. Kiandike alama ili kisije kutumiwa, ukigandishe mpaka kiwe kigumu, kisha ukiache kiyeyuke. Hicho ndicho shahidi. Kitikise pamoja na kichupa unachokishuku, uviweke ubavu kwa ubavu mahali penye mwanga, na uvitazame kwa muda wa hadi dakika 30. Mashapo ya kichupa kinachoshukiwa yakizama kwa kasi sawa na ya shahidi au kuishinda, kiliganda, na kisitumike. Yakizama polepole kuliko ya shahidi, chanjo haijaharibika. Kichupa ulichokikuta kimeganda waziwazi hakihitaji kipimo. Kitenge na utoe taarifa.

Kutoa taarifa ni jambo la heshima. Muuguzi anayesema kuwa chanjo zake zimeganda amewakinga watoto. Msimamizi anayempokea kwa karipio anawafundisha wengine kunyamaza. Wazazi nao wana nafasi yao. Si utovu wa adabu mama kumuuliza mtoa huduma, kwa upole, chanjo zimebebwaje leo. Mtoa huduma aliyeitikisa pakiti yake asubuhi atafurahi kumwonyesha.

Nyumbani kwa mgonjwa wa kisukari

Hesabu hii inavuka mlango wa zahanati. Insulini nayo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 kabla ya kufunguliwa, na ikiganda haifai tena, hata ikionekana safi baada ya kuyeyuka. Mgonjwa anayesafiri kwa basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, akaitia insulini katika chupa ya chai pamoja na barafu ngumu ya friza, anaweza kufika na dawa iliyokufa na kushangaa sukari yake kupanda licha ya kujidunga kila siku.

Njia iliyo salama ni kuiga kibebeo cha chanjo. Acha barafu ianze kuyeyuka, ifunge vizuri ndani ya mfuko usiovuja, kisha uifunge insulini kwa kitambaa na mfuko wake mkavu, ili visigusane. Katika jokofu la nyumbani, usiiweke ikigusa kuta za nyuma wala karibu na sehemu ya kugandishia. Insulini iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, inaweza kukaa nje ya jokofu kwa muda wa kama wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kadiri karatasi ya maelezo inavyoeleza. Soma karatasi hiyo, au muulize mfamasia wako.

Asiye na jokofu ana mtungi. Wazee wetu walijua kuwa mtungi wa udongo unaotoa jasho hupoza maji. Sababu yake ni ndugu wa joto fiche la barafu. Kila kilo ya maji inayokauka juu ya udongo huondoka na takriban kilojuli 2,400, zaidi ya mara saba ya zile zinazonywewa na kilo ya barafu inayoyeyuka. Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, kikiwekwa kivulini penye upepo, hupunguza joto kwa kiasi cha maana. Hufanya vizuri penye hewa kavu kama Dodoma, na hulegea penye unyevu mwingi kama Tanga au Unguja. Hakitafikia nyuzi 8, lakini hakitagandisha kamwe, na kwa insulini iliyofunguliwa kinaweza kuwa msaada mkubwa.

Turejee mlangoni pa zahanati. Dereva bado anangoja. Muuguzi anainua pakiti moja na kuitikisa sikioni, kimya. Anaigeuza, anairudisha mezani, anaendelea kupanga kadi. Baada ya muda anaitikisa tena, na safari hii maji yanajibu kwa sauti ndogo, barafu ikigonga ukuta wa plastiki. Sasa anajua mambo mawili bila kipimajoto: kwamba pakiti iko kwenye nyuzi 0, na kwamba sehemu kubwa ya uwezo wake ingalimo ndani. Anazipanga zote nne, anaweka vichupa katikati na sponji juu, anafunga kifuniko. Wanaweza kuondoka.